Muulize Fundi: Faili zako ni za nani?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, kwamba programu niliyoizoea wanasema imekufa, sasa nifanyeje. Nimechukua sita, zingine zitapata zamu yake toleo lijalo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, kazi zangu kubwa ni kadi za harusi, kadi za michango, ratiba za mazishi na vyeti vya watoto wa chekechea, vyote natengeneza kwenye Publisher tangu nianze biashara. Juzi kijana mmoja kaja kuprinti akaniambia Publisher inafutwa na faili zangu zote hazitafunguka. Nina miaka tisa ya kazi za wateja humo ndani. Ni kweli au ananitisha tu?

JIBU: Dada pole kwa presha. Hajakudanganya ila hajakumalizia habari yenyewe. Microsoft wametangaza kwamba Oktoba 2026 ndo mwisho wa Publisher, na wale wanaolipia Microsoft 365 kwa mwezi au kwa mwaka itaondolewa kabisa, yaani faili zao za pub hawatazifungua tena kwa programu hiyo. Ila kama wewe unayo ile ya kununua mara moja, labda Office 2010 au 2016, hiyo iliyokaa kwenye mashine yako hamna mtu atakayekuja kuichomoa, utaiwasha asubuhi itafunguka kama kawaida, tofauti ni kwamba haitarekebishwa tena hata likigundulika tundu la hatari. Kwa hiyo kwanza jua unayo ipi.

Mimi hii habari iliniuma sana kwa sababu Publisher ipo tangu 1991 na kwa huku kwetu ni programu ya steshenari, ndo iliyotuandikia kadi za michango, ndo iliyotoa ratiba za misiba usiku wa manane wakati ndugu wamesimama pale kaunta wanasubiri na picha ya marehemu iko kwenye simu. Mtu wa ofisini Marekani hajawahi kuona hicho kitu, yeye anaona tu kwamba watumiaji wake wengi hawaigusi basi anaifunga. Ndo maana kila siku nasema usikubali kazi yako iishi kwenye faili ambalo linafunguliwa na programu moja tu ya kampuni moja tu, maana siku ile kampuni ikibadili mawazo we huna wa kumuuliza.

Sasa cha kufanya. Chukua kazi zile ambazo wateja hurudia, vyeti vya shule, fomu, lebo, risiti, fungua moja moja usevu na PDF yake pembeni kwenye folda hilohilo. PDF inabeba na fonti zake kwa hiyo miaka kumi ijayo itaprintika vilevile ilivyo leo. Usijaribu kumaliza zote kwa siku moja utachoka uache, fanya kumi kila jioni kabla hujafunga duka. Kwa zile unazotaka kuendelea kuzibadilisha majina na tarehe itabidi uzijenge upya kwenye programu nyingine, na hapa nakushauri LibreOffice Draw, ni ya bure na inafungua faili za pub. Ila nisikufiche, haifungui vizuri asilimia mia. Nilijaribu kadi moja ya harusi, maua ya pembeni yalikuja salama, lakini jina la bibi harusi lilikuwa limeandikwa kwa Monotype Corsiva na ile mashine haikuwa na hiyo fonti, basi maandishi yakageuka ya kawaida yakawa mapana, neno la mwisho likaangukia mstari wa chini juu ya jina la ukumbi. Kurekebisha ilinichukua kama dakika nane hivi. Kwa hiyo kabla hujahama andika kwenye daftari majina ya fonti unazozitumia, utashangaa hazizidi sita.

SWALI: Bro Fundi, mi niko chuo Mbeya natumia Windows 7, laptop yangu ina ramu ya 2GB na inapiga kazi vizuri mno. Washkaji wananicheka. Naomba uwaambie Windows 7 ndo bora kuliko zote zilizokuja baadaye.

JIBU: Mdogo wangu nakuunga mkono nusu. Ni kweli ilikuwa nyepesi na ilikuwa na adabu, ukiifungua inasubiri umwambie cha kufanya, haikuletei matangazo kwenye menyu. Lakini ilitoka Oktoba 2009 na ikaachwa rasmi tarehe 14 Januari 2020, na kitu kilichoachwa ukikiingiza intaneti ni kama kulala mlango wazi.

Nikukumbushe tu WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kikaanza kutembea chenyewe kutoka mashine hadi mashine, hakikungoja mtu abonyeze chochote, kinafunga mafaili yako kinadai pesa za kidijitali. Hospitali za serikali kule Uingereza zikasimama, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Watu wengi wakasema ni kosa la Windows XP kwa sababu ni ya zamani, kumbe waliopigwa zaidi walikuwa na Windows 7 ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa, na dawa yake ilishatoka mwezi Machi, miezi miwili kabla! Hawakuwa wameiweka tu. Sasa angalia huku kwetu, ukipeleka mashine kwa fundi apige Windows, kitu cha kwanza anachofanya anazima apdeti ili zisile bando lako, na wewe unamshukuru. Simlaumu maana bando ni hela, lakini hiyo ndo hali iliyokuwepo kwenye mashine zilizofungwa siku ile.

Kwa hiyo Windows 7 yako usiifute kama ina kazi yake, andikia, sikilizia muziki, ila chomoa intaneti na flashi za watu usiingize ovyo. Kwa intaneti weka Linux nyepesi, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, pembeni yake kwenye mashine hiyohiyo, Lubuntu au antiX, na ukipata hela kidogo ongeza ramu ifike 4GB na ubadilishe diski uweke SSD, ile ya kasi, hiyo laptop utadhani nyingine.

Na kwa wale mnaotumia Windows 10 msimcheke mwenzenu, yenu nayo iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha, nendeni kwenye Settings sehemu ya apdeti mtaiona. Baada ya hapo wanataka uende Windows 11, nayo haikubali rasmi mashine isiyo na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0 wala prosesa za zamani kidogo, hata kama mashine ni nzima, ina kioo kizuri, kibodi nzuri, betri inakaa. Mimi hili naliona ni kosa kubwa. Hizo kompyuta zitaondolewa maofisini huko Ulaya na Marekani na nyingi najua zitaishia kwenye makontena yanayoshuka bandarini kwetu, zingine zitafanya kazi miaka mingi na zingine watoto watazichoma nyaya kutafuta shaba. Mashine haijaharibika, imekataliwa tu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Kigoma. Tumepewa msaada wa kompyuta kumi na nne, za zamani, zingine zina ramu ya 1GB. Intaneti hatuna ya uhakika. Mkuu wa shule anasema ni mzigo zirudishwe stoo. Wewe ungefanyaje?

JIBU: Mwalimu, tafadhali zisirudi stoo! Kompyuta kumi na nne ni darasa zima wanafunzi watatu watatu.

Kwanza zipange. Zile za ramu ya 1GB ziwe za kuchapa na hesabu tu, ukiwa na uwezo toa ramu kwenye mbovu utie kwenye nzima, fungua boksi, ni kama kubadili kadi ya simu, vishikizo viwili pembeni unavibana vinaachia. Halafu weka Debian, ni aina mojawapo ya Linux. Nakutajia Debian kwa sababu kama kuna mashine za biti 32 humo, yaani zenye prosesa za kizamani, na kwa umri huo huenda zipo, distro nyingi, yaani aina za Linux, zimeshaziacha, hata Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha hizo, ila Debian 12 inayo na itaendelea kupewa marekebisho ya usalama mpaka 2028. Chukua na mazingira ya LXDE au Xfce, yaani mwonekano wa menyu na madirisha ulio mwepesi, usiweke yale mazito. Faida nyingine, hizo mashine zikifungwa Linux virusi vya flashi vinavyozunguka mashuleni vile vya kuficha mafolda haviziwezi.

Kuhusu intaneti, tafuta Kiwix. Ni programu inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye diski, ya Kiswahili ipo na ni ndogo, ya Kiingereza bila picha inaingia kwenye diski ya kawaida. Unapakua mara moja tu ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri, unarudi nayo shuleni, mashine moja yenye nguvu kidogo inakuwa ndo seva na zile zingine zinasoma kutoka kwake kwa waya. Mtoto anatafuta Mto Malagarasi anaupata bila bando hata la mia moja.

Na nikwambie kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux walitoa OpenOffice ya Kiswahili, programu ya bure ya kazi za ofisi, waliiita Jambo OpenOffice. Menyu zote Kiswahili, faili, hariri, mwonekano, walikaa wakatafuta maneno moja moja. Na iliwezekana kwa sababu kodi yake, yaani maandishi ya ndani ya programu, ilikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Mimi nilikuwa naagiza CD za Ubuntu enzi hizo, walikuwa wanatuma bure kwa posta, unajaza fomu unasubiri wiki kadhaa bahasha inafika sanduku la posta na stika ndani, huduma ile waliifunga 2011. Nilizigawa karibu zote. Nikiona mkuu wa shule anaita kompyuta kumi na nne mzigo inaniuma kwa sababu najua tuliwahi kuwa na moyo wa kuzifanya ziongee lugha yetu. Mwambie mkuu akupe muhula mmoja. Ukikwama niandikie, nitakuelekeza hatua kwa hatua.

SWALI: Swali fupi. Yule mama Mavis Beacon aliyetufundisha kutaip kwenye kozi za kompyuta, bado yupo hai?

JIBU: Kaka, Mavis Beacon hakuwahi kuwepo. Ni jina lililotungwa na kampuni ya Software Toolworks mwaka 1987, na sura ile ya kwenye boksi ni ya Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa anauza manukato dukani huko California, hakuwa mwalimu wa kutaip. Waliotengeneza wamesimulia kwamba maduka mengine yalisita kuweka boksi lenye sura ya mwanamke mweusi, halafu ikauzika kuliko walivyotegemea. Mimi naamini sura ile ilitusaidia sana. Tulikaa mbele ya kioo vidole viko kwenye ASDF na mwalimu wa kompyuta anafanana na shangazi zetu, hicho siyo kitu kidogo.

SWALI: Fundi mi ni mkazi wa Lindi. Kuna huduma moja huku tulikuwa tunalipia kwa kupiga nyota kwenye simu yoyote, mwaka jana wakabadilisha wakasema lazima app. Mama yangu ana kitochi. Wanasema nyota ni teknolojia ya zamani imepitwa na wakati. Una maoni gani?

JIBU: Nina maoni makali. Hizo menyu za nyota zinaitwa USSD, zimekuja pamoja na simu za GSM miaka ya 90, na ni kweli zina sura mbaya, ukichelewa kujibu inakutoa unaanza upya. Lakini haihitaji intaneti, haihitaji bando, haihitaji simu janja, haihitaji ramu, haiombi apdeti. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuja kwetu 2008 ingesubiri watu wote wawe na simu janja hadi leo tungekuwa tunatuma hela kwa kondakta wa basi. Mama yako anajua nyota 150 nyota 00 reli kama anavyojua njia ya kwenda sokoni, vidole vyake vinajua moja ni kutuma nne ni kulipa, hata miwani akiisahau anafanya. Hayo ni maarifa, ameyapata kwa miaka, mtu akibadili menyu kwa siku moja amemnyang'anya.

Na tukumbuke Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikalegea Afrika Mashariki yote kwa siku kadhaa, watu tukashika simu za bei kubwa hazifungui kitu.

App iwepo, sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe natumia. Shida ni hilo neno lazima. Anayefunga njia ya kitochi asiseme anaenda na wakati, aseme wazi kwamba kuna wateja asiowataka. Andikeni barua mkiwa wengi, isainiwe na wazee wenyewe, mpeleke ofisini kwao kwa mkono. Nimeona mahali pengine imerudishwa kwa njia hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mhazili mstaafu, nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora na niko Tabora hadi leo. Marehemu mume wangu alikuwa anatunga mashairi na mimi ndiye nilikuwa namchapia ofisini baada ya saa za kazi, kwa WordPerfect, ile programu ya kuchapa ya zamani. Nina diski kumi na moja za floppy, zile ndogo ngumu, ziko kwenye bati la biskuti. Mjukuu anasema hazifai tena. Naomba ukweli.

JIBU: Mama shikamoo, na pole kwa kuondokewa. Ukweli ni kwamba tusiseme hazifai mpaka tujaribu.

Najua ulikotoka. Kizazi chenu kiliruka kutoka taipureta, maana serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 wakati Wizara ya Fedha ilikuwa nayo moja tangu 1965, na ilipolegezwa miaka ya 80 maofisi mengi yakaingia kwenye WordPerfect moja kwa moja. Kioo cha bluu maandishi meupe hamna picha hamna kitu, na ile karatasi ndefu ya kubandika juu ya F1 hadi F12 ikuonyeshe kipi ni kipi. Wahazili wa enzi zenu nimewaona wanachapa kurasa arobaini kwa siku bila kugusa mausi. Programu ile ilimheshimu mchapaji.

Sasa sikiliza, mwambie mjukuu afuate hivi hivi na asiharakishe. Kabla ya kuingiza diski yoyote kwenye mashine, sogeza kile kibati cha chuma pembeni kwa kidole, ndani utaona utando wa kahawia, uzungushe taratibu kwa kile kitovu cha chuma cha nyuma huku umeelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ukiwa unang'aa sawasawa ni mzima. Ukiona madoa meupe kama unga ni ukungu, hiyo usiiingize kwanza, iweke pembeni, maana itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu zinazofuata. Halafu kwenye kona kuna kitufe kidogo cha plastiki kinachofunika tundu, kisukume mpaka tundu lionekane wazi, hapo mashine haiwezi kuandika juu yake hata kwa bahati mbaya.

Kisha mtafute kisomea diski cha USB. Sony waliacha kuziuza diski hizo 2011 lakini visomeo bado vipo kwa wauza vifaa vya kompyuta, na hata Japani serikali ilikuwa na kanuni zaidi ya 1,000 zinazotaka diski hizo mpaka 2024 ndo wamemaliza kuzifuta, kwa hiyo asikuone umepitwa na wakati. Ingiza diski, usifungue faili lolote, kopi kila kitu kwenda kwenye kompyuta kwanza, kwa sababu diski ya zamani inaweza kusomeka mara moja tu halafu ikafa. Ikikataa itoe, irudie mara mbili tatu, au jaribu kisomea kingine.

Yakishakopiwa fungua kwa LibreOffice, inasoma WordPerfect za tangu enzi hizo. Majina ya mafaili yatakuwa mafupi herufi nane tu, SHAIRI1, SHAIRI2, wewe ndo utajua lipi ni lipi. Mistari inaweza kuwa imesogea kwa sababu zamani mlikuwa mnapanga kina kwa kubonyeza kitufe cha Tab, mjukuu asiisawazishe mwenyewe, akae na wewe umsomee aone mizani iko wapi. Msevu nakala mbili, moja ya kawaida na moja ya maandishi matupu ya txt, hiyo ya pili haihitaji programu ya mtu yeyote. Mprinti na karatasi.

Zenye ukungu usizitupe, nitumie kwa basi kupitia ofisi ya gazeti, nina mashine moja nimeitenga kwa kazi hiyo na sitakuchaji. Na zile zikifunguka naomba uniandikie ubeti mmoja kwenye barua yako ijayo, ule aliokuwa anaupenda zaidi.